Jiko la alkoli la mukebe: namna linamsaidia musafiri wa miguu, na kwa nini lutuku hailifai

Kutoka Kabambare kwenda Kasongo, ao kupanda upande wa Salamabila, watu wengi wangali wanasafiri kwa miguu. Kuna wafanyabiashara wanaosukuma kinga zenye muzigo wa muchele na mafuta ya mawese, wachimba dhahabu wanaohama kutoka shimo moja kwenda lingine, wauguzi wanaobeba chanjo mpaka vijiji ambako pikipiki haifiki, wanafunzi wanaorudi kwao wakati wa likizo. Jioni wote wanakutana na swali moja: moto utatoka wapi? Wakati wa mvua kuni za porini zimelowa mpaka ndani. Makala yanachafua muzigo na babula ni nzito kubeba. Mutu anaweza kulala na njaa akiwa na unga ndani ya mufuko, kwa kukosa tu moto wa kuchemsha nusu lita ya maji.

Kuna jiko dogo ambalo watembeaji wa nchi nyingi wanalitumia kwa shida hiyo hiyo. Linatengenezwa na mukebe mutupu, uzito wake hauzidi ule wa yai la kuku, na linawaka kwa alkoli. Halina pampu, halina utambi, halina kifungulio. Mutu anamimina alkoli kidogo, anawasha, anaweka sufuria juu, na moto unakaa mpaka alkoli iishe. Halitoi moshi, na wakaaji waliowahi kukimbilia porini wanajua moshi unaonekana toka mbali namna gani.

Lakini jiko hili linafanya kazi vizuri na alkoli ya namna moja, linafanya kazi vibaya na ya namna ya pili, na ya namna ya tatu inaweza kupofusha ao kuua. Ndani ya chupa zote tatu ni maji meupe yasiyo na rangi. Ndiyo sababu habari ya jiko hili ni kwanza habari ya kile kinachowekwa ndani yake.

Lilitoka wapi

Majiko ya alkoli si kitu kipya. Kule Uswidi, kampuni Trangia ilianzishwa mwaka 1925, na tangu mwaka 1951 inauza jiko la watembeaji ambalo sehemu yake ya kuwaka ni kikombe cha shaba nyeupe chenye uzito wa karibu gramu 110. Wanajeshi na watembea milimani walilipenda kwa sababu hakuna kitu cha kuharibika ndani yake. Baadaye Wamarekani wanaotembea njia ya Appalachian, yenye urefu wa karibu kilometa 3.500, waliona kwamba hata gramu 110 ni nyingi. Wakaanza kukata mikebe ya bia na soda, na kutengeneza majiko ya gramu 15 hivi. Kwa mutu anayetembea miezi mitano na nyumba yake mugongoni, kila gramu inahesabiwa.

Kabambare inaelewa hesabu hiyo kuliko miji mingi. Hapa palikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Tanganyika na kuendelea mpaka Kasongo na Nyangwe. Ni njia hiyo iliyoleta Kiswahili tunachozungumza leo. Mskoti David Livingstone alikwama Bambarre, kama alivyoiandika, kati ya 1869 na 1871, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya vidonda vya miguu. Wapagazi wa wakati ule walipika kwa mafiga matatu na kuni walizookota. Wasafiri wengi wa leo wanafanya vile vile, na wakati wa kiangazi hawana sababu ya kubadilisha.

Namna alkoli inawaka

Kinachowaka si maji ya alkoli yenyewe, ni muvuke wake. Alkoli safi inachemka kwa digrii 78, chini ya maji yanayochemka kwa 100. Ikiwashwa ndani ya mukebe, moto wake unaupasha mukebe, mukebe unaipasha alkoli, muvuke unaongezeka, na moto unapata nguvu. Kwa sababu hiyo jiko linaanza polepole, halafu baada ya nusu dakika hivi linaamka.

Kwa uzito sawa, alkoli ina karibu theluthi mbili tu ya nguvu ya petroli ya taa. Anayetoka kwenye esanse ao petroli atasema inachelewa, na hakosei. Faida yake ni kwamba haitoi masizi, haiachi harufu kwenye chakula, na ikimwagika kwenye muzigo inakauka bila kuharibu unga ao nguo, bora tu pasiwe na moto karibu.

Moto wake ni wa rangi ya buluu. Usiku unaonekana vizuri, lakini mchana, juani, hauonekani kabisa. Ajali nyingi za jiko hili zinaanzia hapo, na tutarudi juu ya jambo hilo.

Chupa iliyo sawa

Alkoli inayofaa ni ile inayoitwa etanoli, yenye nguvu ya digrii 90 ao zaidi. Kwenye chupa za farmasi inaandikwa kwa Kifaransa, na namba 90° ao 95° iko juu yake. Digrii hizo maana yake ni asilimia: kwenye 90°, sehemu 90 kati ya 100 ni alkoli na 10 ni maji. Nyingine inauzwa kama alkoli ya kuwashia, imetiwa dawa kali makusudi ili isinywewe. Inawaka vizuri lakini ni sumu tumboni.

Ile ya digrii 70, ya kusafisha ngozi kabla ya sindano, inawaka pia. Lakini theluthi moja hivi ni maji, na moto unapoteza nguvu kuyapasha. Mwishoni moto unazima na maji yanabaki chini ya mukebe. Anayetegemea 70 abebe zaidi na asishangae. Dawa ya mikono yenye alkoli, ile iliyosambaa tangu wakati wa Covid mwaka 2020, nayo inawaka. Nyingine imetengenezwa na alkoli ya aina nyingine inayotia masizi kwenye sufuria, na ile nzito kama mulenda inaweza kung'ang'ania kwenye vidole huku ikiwaka bila kuonekana. Afadhali iache mikono safi, kazi yake ni hiyo.

Neno moja la pembeni: alkoli ya kituo cha afya ni ya vidonda na ya sindano. Mwenye kuichota ili achemshe chai anapunguzia mugonjwa.

Lutuku

Hapa musomaji wa Maniema anauliza jambo la haki. Lutuku inapikwa karibu kila kijiji, kwa muhogo na mahindi. Kwa nini kwenda kutafuta chupa ya farmasi?

Jibu la kwanza ni maji. Lutuku ya kawaida ina maji mengi sana kwa jiko. Ile ya mwanzo kabisa, matone ya kwanza yanayotoka kwenye bomba, ndiyo kali. Inayofuata inazidi kuwa nyepesi, na muuzaji anachanganya zote, pengine anaongeza maji ya muto. Lutuku yenye nusu ya alkoli na nusu ya maji inaweza kushika moto, na watu wakafurahi, lakini alkoli ndiyo inayotangulia kuondoka kama muvuke. Kinachobaki kwenye mukebe kinazidi kuwa maji, moto unalegea, unazima, na sufuria haijachemka. Musafiri anawasha tena, haiwaki. Anamimina nyingine juu. Ni katika kumimina huko watu wanaungua.

Wengi wanapima kwa kijiko: wanaweka lutuku kidogo, wanapitisha kiberiti. Ikikataa kuwaka baridi, haifai kwa jiko, hapo kijiko kinasema kweli. Ikiwaka, imeonyesha tu kwamba alkoli iko nyingi kiasi. Haisemi ni alkoli gani.

Jibu la pili ni kuni. Ili kupata lita moja ya lutuku, pipa limechemshwa kwa masaa mengi, na kuni nyingi zimeishia chini yake. Mutu anayepika chai kwa lutuku hajaokoa muti wowote. Amechoma kuni kijijini kisha akabeba kidogo cha nguvu yake ndani ya chupa. Kwa musafiri ambaye shida yake ni mvua na uzito, hiyo inaweza kueleweka. Kwa jamaa nyumbani ni hasara tupu.

Kuna sehemu ambako alkoli ya kupikia ilijaribiwa kwa ukubwa. Kule Nairobi, kuanzia mwaka 2019, kampuni KOKO iliuza majiko ya alkoli na kuuza alkoli yenyewe kwa mashini zilizowekwa ndani ya maduka ya mitaani, mutu ananunua kiasi cha pesa alizo nazo. Msumbiji, mwaka 2012, kiwanda kilifunguliwa Dondo, karibu na Beira, kutengeneza alkoli ya kupikia kutokana na muhogo wa wakulima, lakini mradi huo haukudumu. Muhogo kama wetu, basi, unaweza kuwa mafuta ya jiko. Lakini inahitaji kiwanda kinachotoa alkoli kali na safi kila siku, kwa bei ambayo inashindana na makala. Pipa la nyuma ya nyumba haliwezi.

Metanoli: ile inayopofusha

Alkoli ya tatu inaitwa metanoli. Ni ya viwandani: inaingia kwenye rangi, gundi, dawa za kusafisha na mafuta ya mashini nyingine. Kama moto tu, inawaka vizuri ndani ya jiko la mukebe, na Wamarekani wengi wanaitumia, wanainunua kwenye maduka ya vitu vya magari. Mwili ndio hauiwezi. Mililita 10 zinaweza kumupofusha mutu mzima, na 30, yaani vijiko viwili vya chakula, zinaweza kumuua. Inapita pia kwenye ngozi, na muvuke wake si wa kuvuta pumzi.

Hatari kubwa kwetu ni chupa inayobadilisha njia. Mutu ameleta alkoli ya kuwashia kwa ajili ya jiko. Muwenzake ananusa, anasikia harufu ya pombe, anakunywa. Ao muuzaji anatia alkoli ya kiwandani ndani ya pombe ili iwe kali na impe faida. Mwezi wa tano 2014, nchini Kenya, pombe iliyochanganywa na metanoli iliua watu zaidi ya 80 ndani ya siku chache, na wengine wakabaki vipofu. Uganda, upande wa Kabale, walizika watu wengi mwaka 2010 kwa waragi wa namna hiyo.

Kuna imani kwamba pombe inayowaka kwa moto wa buluu ni safi. Si kweli. Etanoli inawaka buluu, metanoli inawaka buluu hafifu zaidi, na mchanganyiko wa zote mbili unawaka buluu. Harufu nayo haisaidii, wala ladha. Hakuna kipimo cha kijiko, cha kiberiti wala cha ulimi kinachotenganisha hizo mbili.

Dalili zinachelewa, na hapo ndipo watu wanapotea. Mutu anaonekana amelewa kidogo tu, analala, anaamka. Kati ya masaa 12 na 24 baadaye, pengine zaidi, kichwa kinamuuma sana, tumbo linamkata, anatapika, anapumua haraka, na macho yanaona ukungu mweupe. Akisema haoni vizuri baada ya kunywa, asipewe maziwa wala maji ya chumvi, asilazwe ili pombe imtoke. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku, na chupa iliyobaki ipelekwe pamoja naye ili muganga ajue amekunywa nini. Dawa iko, lakini kila saa inayopita inachukua sehemu ya macho.

Kwa hiyo chupa ya jiko isifanane na chupa ya kunywa. Chupa ya maji ao ya juisi iliyojazwa alkoli nyeupe ni mutego kwa mutoto mwenye kiu. Chupa ifungwe kamba nyekundu kwenye shingo ao ichorwe alama ya kifo, kifuniko kikazwe, na isitembee kamwe ndani ya mufuko mumoja na maji ya kunywa.

Kutengeneza jiko

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Mukebe mudogo wa tomati ya kopo, wa gramu 70, unatosha kwa mutu mumoja. Wa sardini ni mupana na unakula alkoli haraka. Mukebe uoshwe, karatasi itolewe, mafuta yaishe. Mudomo ulainishwe kwa jiwe ili usikate vidole. Mukebe uliotobolewa chini ao wenye kutu kwenye maungo utupwe: ujazwe maji kwanza, uachwe robo saa juu ya udongo mukavu, na kama udongo umelowa, siyo wa jiko.

Wasafiri wengi wanatoboa matundu kuzunguka mukebe chini kidogo ya mudomo, kwa musumari, kisha wanaweka sufuria moja kwa moja juu ya mukebe, na moto unatokea ubavuni. Inafanya kazi, lakini mukebe wa tomati ni mwembamba na sufuria inayumba. Kwa sufuria zetu njia ya mafiga ni salama zaidi. Mawe matatu yanabeba sufuria, na mukebe unasimama katikati bila kubeba kitu. Kati ya mudomo wa mukebe na sehemu ya chini ya sufuria paachwe nafasi ya vidole viwili hivi. Ikikaribia sana, moto unakosa hewa na unanuka vikali. Ikiwa mbali, upepo unauchukua.

Upepo ni adui. Bila kinga ya upepo, alkoli inaweza kuisha kabla maji hayajapata moto. Mawe mengine, kipande cha bati ao shimo dogo kwenye udongo vinatosha, bora pabaki njia ya hewa chini. Mahali pafagiliwe mpaka udongo uonekane. Mwezi wa sita mpaka wa nane, nyasi za upande huu zimekauka na mukebe uliopinduka unaweza kuchoma pori zima: alkoli inayowaka inatiririka kama maji, na moto unaifuata. Katika nchi nyingi, walinzi wa misitu wanakataza majiko yasiyo na kifungulio wakati wa ukame kwa sababu hiyo hiyo.

Kuwasha, na kosa la kujaza

Alkoli imiminwe kwenye mukebe baridi. Chupa ifungwe, iwekwe hatua tano nyuma. Ndipo kiberiti kipitishwe kwa kijiti kirefu ao jani kavu, siyo kwa briketi iliyoinamishwa ndani ya mukebe. Nusu dakika isubiriwe, sufuria iwekwe.

Moto ukizima ao ukionekana umezima, asimimine mutu yeyote alkoli juu yake. Hili ndilo kosa linalounguza watu duniani kote na majiko haya. Mchana moto haukuonekana, mutu anafikiri umekufa, anachukua chupa na kumimina. Moto uliobaki unapanda kwenye alkoli inayotiririka, unaingia ndani ya chupa, na chupa inatema moto mbele kama bomba, kwenye uso wa aliyeketi upande wa pili. Mara nyingi huyo ni mutoto aliyekuwa anangojea chakula.

Njia ya kujua ni ya bure. Ubua mukavu wa jani ushikwe juu ya mukebe. Ukishika moto, jiko lingali hai. Usiposhika, mukebe ufunikwe na kopo kubwa zaidi kwa dakika mbili, uguswe, na uwe umepoa kabisa ndipo ujazwe tena. Kopo hilo la kufunika ni sehemu ya jiko, likae karibu kila mara, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kulizima. Kupuliza hakusaidii, na kunarusha.

Na isiingie esanse. Kando ya barabara esanse inauzwa kwenye chupa zile zile, na mwenye haraka anaweza kufikiri moto ni moto. Esanse ndani ya mukebe wazi haiwaki polepole; muvuke wake unasambaa chini na kushika kwa mulipuko. Hata chupa iliyobeba esanse jana haifai kubeba alkoli leo. Ndani ya nyumba ya majani, ndani ya hema, ndani ya chumba kilichofungwa, jiko hili lisiwashwe: linakula hewa ile ile ambayo mutu anapumua, na nyasi za paa ziko karibu.

Linapika nini

Kwa alkoli ya 90 na upepo ukiwa umezuiwa, vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, vinachemsha nusu lita ya maji kwa dakika kumi hivi, sufuria ikiwa na kifuniko. Kutoka hapo kila mutu anaweza kupiga hesabu yake. Chai asubuhi na uji jioni ni mililita 60 kwa siku. Safari ya siku tatu inataka mililita 180, uzito wa gramu 150 hivi pamoja na kidogo cha akiba. Babula tupu peke yake inazidi hapo mara nyingi.

Kuchemsha maji ya kunywa ya muto ni kazi nzuri ya jiko hili, na kwa vile kolera haijaisha upande wetu wa mashariki, ni kazi yenye maana. Maji yakifika kuchemka kwa nguvu, dakika moja inatosha. Lakini lita tatu za kunywa kwa siku zinataka karibu mililita 180 za alkoli peke yake, kwa hiyo mwenye kupata vidonge vya klori abebe hivyo kwa maji, na aache alkoli kwa chakula.

Muchele wa Kasongo unaiva kwa jiko hili kwa ujanja kidogo. Unachemshwa mpaka maji yabubujike vizuri, sufuria inafunikwa, inazungushiwa kikwembe na nguo za muzigo mara kadhaa, inaachwa nusu saa. Moto wake wa ndani unamaliza kazi. Samaki mukavu mwembamba na mayai vinaiva pia.

Sombe haipikwi hapa. Maharagi hayapikwi hapa. Bugali ya watu watano haipikwi hapa: sufuria inataka kushikwa na kusongwa kwa nguvu, na mukebe wa moto katikati ya miguu si mahali pa kusongea. Kwa chakula hicho mafiga na kuni havijapata mushindani, na mama anayepikia jamaa hana sababu ya kununua alkoli ya farmasi. Jiko hili ni la mutu mumoja ao wawili, kwa siku chache, wakati wa mvua.

Akiungua

Nguo zikishika moto, mutu asikimbie. Alale chini, agaagae, ao afunikwe blanketi nzito. Nailoni inayeyuka juu ya ngozi, kwa hiyo anayepika kwa alkoli afadhali avae kikwembe cha pamba kuliko koti la plastiki la mvua.

Sehemu iliyoungua imwagiwe maji baridi safi kwa dakika 20 mfululizo. Dakika 20 ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri, na wengi wanaacha baada ya mbili. Pete na saa zitolewe kabla ya kuvimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi isivutwe. Kisha kidonda kifunikwe na kitambaa safi kisichobana. Mafuta ya mawese, dawa ya meno, ute wa yai, asali, majivu na mavi ya ngombe visipakwe: vinafungia joto ndani na kuleta uchafu, na muuguzi atalazimika kuvikwangua ili aone kidonda. Kuungua usoni, mikononi, sehemu za siri, ao kuungua kwa mutoto mudogo, ni safari ya kituo cha afya siku ile ile, hata kama malengelenge ni madogo.

Baada ya kupika

Alkoli iliyobaki kwenye mukebe baridi inarudishwa kwenye chupa yake yenye kamba nyekundu, si kwenye nyingine. Kama iliyobaki haishiki tena moto, imekuwa maji, imwagwe mbali na kisima. Mukebe unapanguswa, unaingizwa ndani ya kopo lake la kufunika, na vyote vinalala ndani ya sufuria. Mawe matatu yanabaki pale pale kwa musafiri anayekuja nyuma.